Sindano Tano za Sikio: Tiba ya Kichina na Uraibu, kutoka Hong Kong hadi Bronx

Tiba ya sindano za Kichina, ambayo kwa jina lililoenea huitwa akyupancha, hutajwa karibu kila mara pamoja na hesabu ya miaka elfu mbili au zaidi, na mtu anayeulizia asili ya zile sindano tano ndogo zinazochomwa sikioni ili kumtuliza mraibu wa heroini, pombe au kokeini huelekezwa moja kwa moja kwenye hekima ya kale ya China. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Sindano ni za kale, na nadharia inayozielezea ni ya kale pia, lakini utaratibu wenyewe wa sindano tano ulizaliwa katika karne ya 20, tena wazazi wake walikuwa wengi na hawakufahamiana: daktari Mfaransa wa Lyon, mpasuaji wa ubongo wa Hong Kong, na vijana wanamapinduzi, Wapuerto Rico na Wamarekani Weusi, walioivamia hospitali ya umma mjini New York. Nasaba hiyo iliyochanganyika ndiyo inayoeleza, kuliko vitabu vya kale, kwa nini tiba hii imeenea na kwa nini sayansi mpaka leo haijaikubali wala haijaitupa.

China ilikuwa na sababu zote za kutafuta tiba ya uraibu mapema. Biashara ya kasumba, yaani utomvu uliokaushwa wa mmea wa afyuni, iliyoendeshwa na wafanyabiashara wa Kiingereza kutoka India, ilileta vita viwili, vya 1839 hadi 1842 na vya 1856 hadi 1860, na kuacha nyuma waraibu kwa mamilioni. Si ajabu kwamba katika Kiswahili neno hilo hilo la kasumba limekuja kutumika pia kwa fikra za kutawaliwa zinazoganda kichwani mwa mtu. Lin Zexu, ofisa aliyeteketeza zaidi ya masanduku 20,000 ya kasumba huko Humen mwaka 1839, anakumbukwa kwa teketezo hilo, lakini alihimiza pia matumizi ya vidonge vya mitishamba vya kuwaachisha watu uvutaji. Katika vidonge vya aina moja lilitiwa jivu la kasumba yenyewe, ili mraibu aipate kidogo kidogo huku akibadilishiwa hatua kwa hatua kwa vidonge vya kujenga mwili visivyokuwa nayo. Kanuni hiyo ya kumpa mraibu kiasi kinachopimwa cha kile alichokizoea iko karibu zaidi na methadoni, dawa ya leo ya waraibu wa heroini, kuliko na sindano. Sindano zenyewe hazikuwa na heshima kubwa wakati huo, kwani mwaka 1822 mfalme Daoguang alikuwa ameiondoa akyupancha katika chuo cha tiba cha ikulu, na mgonjwa wa kasumba aliyetafuta msaada alipewa dawa za kuchemsha na vidonge.

Kwa upande wa sonona, yaani hali ya huzuni nzito isiyoondoka ambayo humnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na raha ya kuishi, urithi wa kale ni tajiri zaidi. Waganga wa Kichina waliita maradhi ya namna hiyo yu, neno linalobeba maana ya kukwama au kusongamana, kama maji yaliyozibiwa mkondo. Zhu Danxi, aliyeishi kati ya 1281 na 1358, alieleza aina sita za msongamano na akabuni vidonge ambavyo bado vinauzwa. Kinachosongamana kwanza ni chi, yaani nguvu ya uhai inayodhaniwa kuzunguka mwilini katika njia maalumu, na kiungo kinachodhuriwa zaidi ni ini, ambalo kazi yake ni kuifanya chi itiririke bila kizuizi, ilhali mapafu huhusishwa na huzuni na figo huhusishwa na hofu. Mswahili anayesema kwamba maneno fulani yamemkata maini hahitaji maelezo marefu ili auelewe msamiati huu. Jambo la kuangaliwa ni kwamba nadharia hii haikutenganisha maradhi ya moyo na maradhi ya mwili: mgonjwa alilalamikia kifua kilichobana, mbavu zilizojaa na koo lenye kitu kisichomezeka, na mganga akatibu malalamiko hayo hayo bila kumuuliza sana juu ya maisha yake.

Desturi hiyo ilidumu hata baada ya tiba ya Kimagharibi kuingia. Mwaka 1980 daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, Arthur Kleinman, aliwachunguza wagonjwa 100 katika chuo cha tiba cha Hunan, mjini Changsha, ambao wote walikuwa wameambiwa kuwa wana udhaifu wa neva, jina la maradhi lililokuwa limeazimwa kutoka Magharibi na kuota mizizi China. Kati yao 87 walikuwa na dalili zilizotosha kuitwa sonona kwa vipimo vya Kimarekani. Wengi walikuwa wakilalamikia kichwa, usingizi na uchovu. Kwa hiyo takwimu za kale za waliotibiwa sonona kwa sindano haziwezi kupatikana, kwa kuwa waliotibiwa hawakuitwa hivyo.

Sikio lenyewe lina historia ya kushangaza. Maandiko ya kale ya China, yakiwemo yale yanayoitwa Huangdi Neijing, yanasema kwamba njia za chi hukutana sikioni, lakini hayakuacha ramani kamili inayoonyesha kila kiungo cha mwili mahali pake katika sikio. Ramani hiyo ilichorwa na Paul Nogier, daktari wa Lyon, Ufaransa, katika miaka ya 1950, baada ya kuona makovu madogo masikioni mwa baadhi ya wagonjwa wake, ambao walimweleza kwamba walichomwa hapo kwa chuma cha moto na mganga wa kienyeji ili kuondoa maumivu ya mshipa wa paja, na kwamba maumivu yalikwisha. Nogier alianza kulibonyeza sikio sehemu kwa sehemu, akafikia wazo la kulifananisha na mtoto aliye tumboni, kichwa chake kikiwa chini kwenye ndewe na miguu yake juu. Makala zake zilipochapishwa kwa Kijerumani ziliwafikia Wachina kabla ya muongo huo kwisha, na kikosi cha madaktari wa jeshi mjini Nanjing kikaijaribu ramani hiyo kwa wagonjwa. Hivyo ramani ya Mfaransa ikaingia katika vitabu vya Kichina, na baada ya miaka michache ikaanza kuuzwa nje kama elimu ya Kichina.

Wakati huo serikali ya Mao Zedong ilikuwa imeifufua tiba ya jadi kwa sababu za siasa na za uhaba wa madaktari, na katika miaka ya 1950 mafundisho yaliyokuwa yamegawanyika katika shule nyingi zinazopingana yalikusanywa katika mtaala mmoja. Dunia ya Magharibi iliamka mwaka 1971, pale James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alipopasuliwa kidole tumbo mjini Beijing na kisha kutulizwa maumivu kwa sindano, akaandika habari hiyo. Mwaka uliofuata Rais Nixon alizuru China, na kwa muda akyupancha ikawa mazungumzo ya mjini Marekani.

Mwaka huo huo wa 1972, katika mwezi wa Novemba, H. L. Wen, mpasuaji wa ubongo katika hospitali ya Kwong Wah iliyoko Kowloon, Hong Kong, alikuwa akijaribu njia ya kuondoa maumivu wakati wa upasuaji kwa kupitisha umeme hafifu katika sindano. Mmoja wa wagonjwa waliotayarishwa kwa njia hiyo alikuwa mvutaji wa kasumba, na baada ya sindano kukaa kwa muda mfupi alimwambia daktari kwamba zile dalili za kuikosa kasumba zilikuwa zimemtoka. Dalili hizo, ambazo mateja wa Dar es Salaam huziita arosto, ni kamasi, miayo, jasho baridi, maumivu ya mifupa, kuhara na wasiwasi usiovumilika, na mtu anayezijua hatazami ovyo kitu chochote kinachodai kuziondoa. Wen alikuwa akitafuta dawa ya maumivu, si dawa ya uraibu, lakini alilichukua jambo hilo kwa uzito, akawatibu watu 40 wa kasumba na heroini kwa sindano za umeme, hasa kwenye nukta ya mapafu katika masikio yote mawili, na mwaka 1973 akachapisha matokeo pamoja na mwenzake S. Y. C. Cheung katika jarida la tiba la Asia. Utafiti huo haukuwa na kundi la ulinganisho, yaani wagonjwa wengine wasiotibiwa hivyo ambao wangeonyesha kama nafuu ingekuja yenyewe.

Ugunduzi mwingine uliipa habari hiyo nguvu isiyotarajiwa. Mwaka 1973 vipokezi vya kasumba viligunduliwa katika ubongo, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walitangaza kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanya kazi kama kasumba. Watafiti wa akyupancha, miongoni mwao Han Jisheng wa Beijing, walionyesha kwamba sindano zenye umeme huweza kuchochea kemikali hizo, na kwamba aina ya kemikali hutegemea kasi ya mapigo ya umeme. Kwa mara ya kwanza palikuwa na maelezo ambayo mtu asiyeamini chi angeweza kuyasikiliza. Hata hivyo maelezo hayo yalihusu umeme, na utaratibu ulioenea baadaye uliuacha umeme kabisa.

Mahali ulipouacha ni hospitali ya Lincoln, kusini mwa Bronx, mtaa wa maskini ambao katika miaka hiyo heroini iliukumba kuliko sehemu nyingi za New York. Jengo la hospitali hiyo lilikuwa limechakaa kiasi cha kuhukumiwa lisitumike, na wenyeji waliiita bucha. Tarehe 14 Julai 1970 chama cha vijana wa Kipuerto Rico kiitwacho Young Lords kiliteka sehemu ya hospitali kwa muda wa saa 12 hivi, kikidai huduma za heshima, na mwezi wa Novemba mwaka huo wanaharakati hao, pamoja na wafanyakazi wa hospitali na wafuasi wa Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi, walirudi na kuanzisha humo huduma ya kuwaachisha watu heroini, ambayo jiji halikuwa na budi kuigharimia. Wahudumu wengi walikuwa wenyewe waraibu waliopona, na tiba ilikwenda sambamba na masomo ya siasa, kwa kuwa waliamini kwamba heroini ilikuwa silaha ya kuwadhoofisha watu weusi na Wapuerto Rico.

Dawa yao ya kwanza ilikuwa methadoni, dawa ya kutengenezwa iliyo jamii ya kasumba, ambayo hunywewa na huzuia arosto bila kumlewesha mgonjwa aliyezoea kipimo chake. Wataalamu wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walikuwa wameonyesha katikati ya miaka ya 1960 kwamba mraibu anayeinywa kila siku huweza kurudi kazini na kwa familia yake. Lincoln waliitumia kwa siku chache tu za kumshusha mgonjwa taratibu, wakaikataa kama dawa ya maisha, wakisema kwamba serikali ilikuwa ikibadilisha mnyororo mmoja kwa mwingine. Walipopata habari za Hong Kong waliona jibu: tiba rahisi, isiyo ya kampuni yoyote ya dawa, tena iliyotoka katika China ya mapinduzi, ambayo tayari ilikuwa imepokea ujumbe wa Black Panther mwaka 1972. Kwamba Hong Kong ilikuwa koloni la Mwingereza na Wen daktari wa Kimagharibi kwa mafunzo yake lilikuwa jambo ambalo hawakulitilia maanani.

Kuanzia mwaka 1974 sindano ziliingia Lincoln, na miongoni mwa waliojifunza alikuwemo Mutulu Shakur, aliyepata mafunzo yake rasmi katika chuo cha akyupancha cha Quebec, Kanada, na ambaye wasomaji wengi vijana wanamjua kwa sababu nyingine, yaani kama baba wa kambo wa mwanamuziki Tupac Shakur. Baadaye wahudumu walibaini kwamba sindano zisizo na umeme zilitosha, na wakaongeza nukta hadi zikafika tano: ile inayoitwa Shenmen, yaani Lango la Roho, iliyo katika kibonde cha juu cha sikio, nukta ya neva za kujiendesha zenyewe, figo, ini, na mapafu. Mtaalamu wa jadi angesema kwamba hapo hofu ya figo, hasira ya ini na huzuni ya mapafu zimeguswa kwa mkupuo mmoja, ingawa nukta hizo ziko mahali pake kwa mujibu wa ramani iliyoanzia Lyon.

Siasa za mahali hapo hazikuvumiliwa kwa muda mrefu. Novemba 1978, chini ya Meya Ed Koch, polisi waliwatoa wanaharakati; jiji lilidai kuwa fedha zilitumika vibaya na wao wakadai kuwa wameadhibiwa kwa siasa zao. Shakur na wenzake walihamia Harlem na kufungua kituo chao cha kutibu na kufundisha, lakini mwaka 1988 alihukumiwa kifungo kirefu kwa kuhusika na wizi wa kutumia silaha wa mwaka 1981 uliosababisha vifo. Huduma ya sindano ilibaki mikononi mwa Michael Smith, daktari wa akili, ambaye aliivua vazi la mapinduzi na kuivika vazi la hospitali, na mwaka 1985 chama cha kitaifa cha kueneza utaratibu huo kikaundwa kwa uongozi wake. Hili ndilo tendo lililoiokoa tiba hiyo, na ndilo pia lililoifuta historia yake. Kwa miaka mingi maandishi mengi yaliyoisifu yalimtaja Smith na China ya kale, na kuwaruka waliobaki katikati.

Inafaa kukitazama chumba chenyewe. Watu 10, 20 au zaidi huketi katika viti vilivyopangwa kwa mduara, taa zikiwa zimepunguzwa mwanga. Mhudumu hupita na pamba ya spiriti, hufuta sikio, kisha husukuma kila sindano, nyembamba kama unywele mnene, milimita chache tu, na kwa mtu mmoja kazi hiyo humalizika kwa dakika chache. Hakuna anayeulizwa ametumia nini jana wala kwa nini amerudi. Dakika 30 hadi 45 hupita katika ukimya, wengine wakisinzia, na mwishoni huweza kutolewa chai ya majani yenye mnanaa na kamomili. Kwa mraibu aliyezoea kuhojiwa na polisi, hakimu, mkwe na mshauri nasaha, kukaa mahali ambapo hatakiwi kueleza lolote kunaweza kuwa tiba kabla sindano haijaguswa, na hapo ndipo ugumu wa kuipima tiba hii ulipo.

Vipimo vilianza kwa kutia moyo. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Milton Bullock wa Minneapolis juu ya walevi 80 sugu waliogawanywa sawasawa: katika kundi lililochomwa nukta maalumu watu 21 kati ya 40 walimaliza matibabu, na katika kundi lililochomwa nukta zisizo maalumu alimaliza mmoja tu. Mwaka huo huo mahakama ya Miami iliyowapeleka watumiaji wa dawa za kulevya katika matibabu badala ya jela iliiingiza akyupancha katika mpango wake, na mahakama nyingine zikafuata. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa matokeo ya waraibu 82 wa kokeini, yakionyesha kwamba karibu asilimia 54 ya waliochomwa sikio sawasawa walionekana safi katika vipimo vya mkojo vya wiki ya mwisho, wakati waliochomwa sindano bandia walikuwa asilimia 23.5. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2002 kundi lile lile la watafiti lilirudia jaribio kwa watu 620 katika vituo sita na tofauti ikatoweka: sindano halisi, sindano bandia na video za kumtuliza mtu zililingana. Bullock naye, alipowapima walevi 503, hakuiona tena tofauti aliyoiona mara ya kwanza.

Katika sonona hali ni ya kati kwa kati. Utafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, uliwagawa wagonjwa 755 katika makundi matatu, na baada ya miezi mitatu waliopata akyupancha pamoja na huduma ya kawaida walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliobaki na huduma ya kawaida peke yake. Lakini waliopata ushauri nasaha walipata nafuu karibu sawa na yao. Mapitio makubwa ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 64 zenye washiriki zaidi ya 7,000, yaliona manufaa fulani, yakaonya kwamba ubora wa tafiti nyingi ulikuwa duni. Hukumu ya haki ni kwamba mgonjwa hufaidika na kitu katika tiba hii, na kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa kitu hicho ni nukta zenyewe. Mtetezi anayeficha tafiti za mwaka 2002 anawadanganya wagonjwa. Na mpinzani anayesema kwamba sindano bandia ikifanya kazi sawa na halisi basi hakuna lililofanyika, anasahau kwamba makundi yote mawili yaliketi kimya na kuhudumiwa kwa upole.

Afrika Mashariki iliifahamu sindano ya Mchina mapema. Madaktari kutoka China walifika Zanzibar na Tanzania Bara katika miaka ya 1960, mwaka 1987 Tanzania na China zilianza kushirikiana katika kuwatibu wagonjwa wa Ukimwi kwa dawa za Kichina katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na katika miaka ya 1990 kliniki binafsi za Wachina ziliongezeka jijini humo. Lakini heroini ilipoenea katika miji ya pwani, Tanzania ilichukua njia ambayo Lincoln iliikataa: Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili, ambako mgonjwa hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu kila siku, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Ushahidi kwamba methadoni hupunguza vifo, maambukizi ya virusi vya Ukimwi na matumizi ya heroini ni mwingi, na sindano za sikio hazina ushahidi wa namna hiyo. Zinaweza kuwa msaidizi wa methadoni, wala hazifai kuwa mbadala wake.

Smith alifariki mwaka 2017. Shakur aliachiliwa Desemba 2022 akiwa mgonjwa wa saratani, akafariki Julai 2023. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, yakiwemo yanayowakubali waraibu waliopona, mtu asiyekuwa daktari wala mtaalamu wa akyupancha huruhusiwa kisheria kuchoma sindano hizo tano baada ya mafunzo ya saa 70 hivi, chini ya usimamizi, naye haruhusiwi kuchoma mahali pengine popote mwilini isipokuwa sikioni.